Jaketi jeusi la jinzi kwa joto la Dar: lipi ununue, uvae na nini

Jumamosi iliyopita nilikuwa Karume na mdogo wangu wa kiume. Mwezi ujao anaanza fildi kwenye ofisi moja pale Posta, na ameambiwa suti si lazima ila aje nadhifu. Tulizunguka vizimbani kama saa nzima, mwisho akasimama mbele yangu na majaketi mawili meusi ya jinzi, moja kila mkono.

"Dada, lipi?"

Kwa macho yalikuwa mapacha. Muuzaji naye akasema yote ni yale yale, kaka achukue linalomkaa. Hayakuwa yale yale hata kidogo, nikaanza kumweleza mdogo wangu palepale tumebanwa na watu, mpaka muuzaji naye akaacha kuita wateja akasikiliza. Nayaandika hapa kwa kirefu maana swali hilo naulizwa mara nyingi, na wanaouliza si wanaume tu.

Langu nimelivaa huu mwaka wa sita. Kitu cha kwanza lilichonifundisha ni kwamba Dar hakuna anayevaa jaketi kutwa nzima. Asubuhi unatoka Kimara kwenye mwendokasi, limekaa mkononi. Unafika ofisini, kiyoyozi kinapuliza shingoni kwako, unalivaa. Saa saba unashuka kwa mama ntilie, unalivua. Saa kumi na moja unavuka na kivuko kwenda Kigamboni, upepo wa bahari unakupiga, unalivaa tena. Kwa hiyo kila ninachokilinganisha hapa nakipima mara mbili: kinaonekanaje jaketi likiwa mwilini, na kinaonekanaje likiwa mkononi. Wengi wanapima mara moja tu, mbele ya kioo cha chumbani, alfajiri, joto halijaanza.

Jeusi, la bluu, au koti la suti

Jinzi imeanza kama nguo ya vibarua. Hataza waliyopewa Jacob Davis na Levi Strauss kule Marekani tarehe 20 Mei 1873 ilihusu vile vipande vidogo vya chuma vinavyobana pembe za mifuko ya suruali isichanike. Jaketi la jinzi limerithi tabia hiyohiyo ya nguo ya kazi: mishono minene, mifuko miwili kifuani, vifungo vya chuma. Kwenye jaketi la bluu mambo hayo yanaonekana kwa mbali, kwa sababu mara nyingi hushonwa kwa uzi wa rangi ya chungwa. Linapendeza sana kwa mtoko wa Jumapili pale Coco Beach na mihogo ya kukaanga. Ukiingia nalo kwenye kikao, watu wanaona jinzi kwanza, wewe baadaye.

Jeusi lililoshonwa kwa uzi mweusi linameza mishono yake. Aliye ng'ambo ya barabara anaona umbo tu: kola, mabega, kiuno. Hapo ndipo linapolikaribia koti la suti, na ndiyo sababu linafaa kwa mavazi haya ya katikati, nadhifu bila kuwa rasmi. La bluu pia linagombana na jinzi ya bluu uliyonayo tayari, kwa sababu bluu mbili zisizolingana zinaonekana kama suti iliyofuliwa nusu.

Sasa koti la suti lenyewe. Koti lina bitana, na bitana ya poliesta mwezi wa pili, Dar ikiwa nyuzi 32 na unyevu hewani, inapika mtu. Likikaliwa kwenye daladala linatoka na mikunjo mpaka upige pasi, na kulifua kunataka drai klina. Jaketi la jinzi unalikunja ukaliweka mapajani, ukafika ukalikung'uta, basi.

Lakini tusidanganyane. Kama unafanya kazi benki, mahakamani, wizarani, au unakwenda kwenye usaili, nunua koti. Jaketi la jinzi hata liwe jeusi kama mkaa bado ni jinzi, na wanaokuchunguza siku hiyo wataliona. Vilevile kwenye sendofu au harusi: wenye shughuli wamechanga miezi, wamechagua rangi, wewe usiende na jinzi.

Kunja mkono uangalie ndani

Turudi Karume. Jaketi la kwanza niligeuza mkono wake nje ndani. Ndani palikuwa na weupe wa majivu. La pili ndani lilikuwa jeusi sawasawa na nje. Mdogo wangu akashangaa, kwa sababu tangu achukue yale majaketi hajawahi kuwaza kuangalia upande ule.

Kitambaa cha jinzi hufumwa kwa mshazari. Nyuzi za mtande, zile za urefu, ndizo hutiwa rangi na ndizo hujitokeza usoni. Nyuzi za mshindio, zinazokatiza, kwa kawaida huachwa nyeupe, ndiyo maana jinzi ya bluu ndani ni nyeupe. Kwa jinzi nyeusi kuna njia mbili. Kuna ambayo mtande mweusi, mshindio mweupe. Na kuna ambayo vyote viwili vimetiwa rangi nyeusi.

Tofauti utaiona baada ya miezi. Ile yenye mshindio mweupe itaanza kupauka kwenye viwiko, kwenye kingo za kola na juu ya mishono, iwe kijivu. Sisemi ni mbovu. Kijivu kile kina uzuri wake ukivaa na tisheti na raba mwishoni mwa wiki, na wapo wanaoitafuta kwa makusudi. Ila kwa ofisi unataka ile ya pili, inayokaa nyeusi muda mrefu zaidi. Na kuna jambo la Dar hapa. Sisi tunakunja mikono. Ukishakunja mara mbili, ule upande wa ndani unatoka nje, na jaketi la kwanza linakuwekea mikanda miwili ya kijivu kwenye mikono, inaonekana kama umetoka kuosha gari. La pili ukilikunja linabaki jeusi tupu, na mkono wa shati ukichungulia kidogo pale kwenye kiwiko unapendeza mwenyewe.

Uzito ndio unaofuata. Jinzi hupimwa kwa aunsi kwa yadi ya mraba. Ya aunsi 14 ina kama gramu 475 kwa mita ya mraba. Ya aunsi 8 hadi 10 ni kama gramu 270 hadi 340. Kwenye lebo ni nadra kuandikwa, kwa hiyo tumia vidole: bana kitambaa cha ubavuni utengeneze kunjo, kisha achia. Kunjo likisimama lenyewe kama boksi, hilo waachie ndugu zetu wa kwenye baridi, Njombe na Makambako. Likilala polepole, hilo ni la kwetu. La kwanza la mdogo wangu lilisimama. La pili lililala.

Kuhusu zile zinazovutika: ukikivuta kitambaa kikarudi, kina uzi wa elastini kidogo, mara nyingi asilimia 1 au 2. Faida yake utaijua ukiwa umeshika bomba la basi mkono juu kutoka Mbezi mpaka Kivukoni. Hasara yake ni kwamba elastini haipendi joto kali, na pasi ya moto pamoja na jua la saa sita vikishirikiana, mwaka hauishi kabla viwiko havijalegea. Mimi nachagua pamba tupu nyepesi. Mwenye mabega mapana au mikono minene achague yenye mvuto, na sioni ubaya.

Na yaliyochanwa magotini, samahani, viwikoni, yenye viraka na maandishi mgongoni, hayo yaache kwa siku nyingine. Hayawezi kuwa nadhifu hata uyavae na viatu vya aina gani.

Mtumba au la dukani

Mtumba umeshafuliwa mara nyingi na mwenye nao wa kwanza. Kama ulikuwa wa kunywea umeshanywea, kama ulikuwa wa kuchuja umeshachuja. Unachokiona ndicho utakachokuwa nacho. Kariakoo utapata jipya, saizi zote, jeusi ti, ila hujui likikutana na maji litafanya nini. Kwa hilo nina kipimo kimoja: leso nyeupe iliyoloweshwa kidogo. Sugua sehemu ya ndani ya pindo mara kumi. Leso ikitoka na weusi, jaketi hilo litakuchafulia kola ya shati jeupe na mkoba wa rangi ya maziwa, hasa ukitoka jasho. Muuzaji akikataa usisugue, ondoka.

Kwenye mtumba kagua kwapa kwanza. Weupe wa chumvi na harufu iliyoganda pale haitoki kirahisi. Kisha vifungo: chuma kikishaanza kutu kitaacha doa la kahawia kwenye nguo ya ndani. Kisha kola, kwa upande unaogusa shingo.

Ukubwa nausema kwa ufupi, lakini usiupuuze, kwa sababu ndio unaotenganisha aliyevaa jaketi na aliyeazima. Mshono wa bega ukae juu ya mfupa wa bega. Pindo liishie kwenye mkanda au chini yake kidogo. Mkono uishie kwenye kifundo cha kiganja. Kisha inua mkono kama umeshika bomba, uone shati linachomoka kiasi gani. Fundi anaweza kupunguza mikono na ubavu kwa bei ya kawaida. Bega asiguse, ni kazi ngumu na mara nyingi hulegea upande mmoja. Kati ya jaketi linalokukaa bega na mikono mirefu, na jaketi lenye mikono sawa na bega linalodondoka, chukua la kwanza bila kufikiri.

Ndani yake uvae nini

Hapa ndipo kazi yote ilipo.

Kwa mwanamume anayekwenda ofisini Ijumaa, mchuano ni kati ya tisheti nyeupe na shati. Jaketi likiwa mwilini tisheti inapendeza sana, pengine kuliko shati: nyeusi, nyeupe, mstari safi shingoni. Livue sasa. Mwenye tisheti anakuwa mtu aliyetoka kununua maandazi. Mwenye shati jeupe au la bluu mpauko, amechomekea, mkanda unaonekana, bado yuko kazini. Kwa mji ambao jaketi linavuliwa mara tatu kwa siku, shati linashinda. Katikati yake kuna fulana ya kola, ambayo kwa joto letu ni jibu zuri mno na watu hawaipi heshima yake. Ichague ya rangi moja, isiwe na nembo kubwa, na kola yake iwe ngumu kiasi isijikunje chini ya kola ya jaketi. Kama moyo wako uko kwenye tisheti, basi iwe nzito, shingo haijalegea, na uichomekee.

Chini, kadeti ya rangi ya mchanga na jaketi jeusi ni pea ambayo haijawahi kuniangusha nikimvika mtu. Rangi zimeachana vya kutosha, macho hayahangaiki. Kadeti ya kijani cha jeshi nayo inafuata kwa karibu. Ya kijivu ni ya jioni, na ukiivaa na shati jeupe na moka nyeusi unaweza kuingia mgahawa wowote Masaki bila wasiwasi.

Watu wengi huanza na suruali ya jinzi nyeusi wakidhani ndiyo rahisi, na ndiyo inayowashinda. Weusi wa jaketi na weusi wa suruali vimetoka viwandani tofauti, vimefuliwa mara tofauti. Ukisimama juani moja inaonekana ya kahawia na nyingine ya bluu. Ukitaka nyeusi juu na chini, chini iwe suruali ya kitambaa laini chenye mng'ao kidogo. Vitambaa vikishakuwa tofauti waziwazi, hakuna anayelinganisha rangi. Jinzi ya bluu iliyokolea pamoja na jaketi jeusi inakubalika vizuri pia, ilimradi isiwe imechanwa.

Dada zangu, kwetu kuna njia nyingi zaidi na mitego mingi zaidi.

Gauni la kitenge na jaketi jeusi ni pea yetu wenyewe, na nikiona mtu amelipatia pale Samora nageuka kumtazama tena. Kitenge kina kelele, jaketi jeusi linakituliza, kila kimoja kinampa mwenzake anachokosa. Lakini angalia mikono. Mafundi wetu wanapenda mikono ya puto, marinda begani, na mabawa. Hivyo haviingii kwenye mkono wa jaketi la jinzi. Ukivilazimisha vinajikusanya kwapani, na ukivua jaketi saa saba vinatoka vimekunjamana kama karatasi iliyofungiwa karanga. Nilimshonea dada yangu gauni la namna hiyo, akalivaa na jaketi siku ya kwanza, jioni akaniletea tulitazame pamoja. Mikono ile haikurudi mpaka tulipoipulizia maji na kuipiga pasi upya. Kwa hiyo kitenge cha kuvaliwa na jaketi kishonwe bila mikono, au mikono iliyonyooka. Na chagua kitenge ambacho ndani ya maua yake kuna nyeusi, hata mstari mwembamba tu. Huo mstari ndio unaofanya jaketi lionekane lilikusudiwa.

Gauni la rangi moja, la satini au pamba nyepesi, linafika haraka zaidi kwenye unadhifu lakini halina furaha ile. La maziwa, la kijani kilichoiva, la rangi ya ugoro: yote mazuri. Kama una kikao asubuhi na mtoko jioni, la rangi moja ni salama kuliko kitenge, kwa kuwa unabadili hereni na viatu tu na linakuwa gauni jingine.

Dera nalipenda na ninayo mengi, lakini silivai na jaketi la jinzi. Dera limekusudiwa kupeperuka. Ukilibana juu, chini linavimba, mtu anakuwa kama mfuko uliofungwa kamba katikati. Gauni refu lililonyooka, hilo sawa, na hapo jaketi liwe fupi, liishie kiunoni. Jaketi refu juu ya gauni refu linamfupisha kila mtu isipokuwa warefu sana.

Kwa tunaovaa mtandio au hijabu, tatizo ni kola. Kola ya jinzi ni nene na mtandio nao una mikunjo, vikikutana shingoni panakuwa na mzigo. Mimi huweka ncha za mtandio ndani ya jaketi, kola naiacha ilale wazi, vifungo viwili vya juu sifungi. Mtandio wa shifoni unakaa vizuri kuliko wa pamba nzito. Rangi nyepesi karibu na uso, weusi unaanzia mabegani: inaupa uso mwanga.

Suruali, kwa wanawake, ushauri wangu umebadilika. Zamani ningesema ya kubana. Sasa nasema pana, ya kitambaa, inayopanda kiunoni, na blauzi imechomekewa. Jaketi la jinzi ni gumu na lina pembe. Chini yake kitu kinachotiririka kinalipoza. Na ukilivua, kiuno kinaonekana, umbo bado lipo. Suruali ya kubana ukiivaa na jaketi inapendeza, ila likishakuwa mkononi mara nyingi utajikuta unavuta blauzi chini.

Viatu nitavipitia haraka. Raba nyeupe safi zinafaa kwa wote, lakini kwenye daladala lazima zikanyagwe, na masika yakianza mwezi wa tatu tope la barabara za mitaani halina huruma nazo. Moka ya kahawia inavumilia zaidi na inasogeza vazi zima upande wa ofisi. Makubazi mazuri ya ngozi na jaketi jeusi, kwa jioni ya Jumamosi, ni pwani kabisa na mimi nayapenda, ofisini hapana. Kwa wanawake, skuna fupi ya kisigino kinene kuliko ndefu. Na bizimu la mkanda lilingane na vifungo vya jaketi: vya fedha na fedha, vya shaba na shaba.

Likiwa mkononi

Jaketi lililovuliwa nalo ni sehemu ya vazi. Likunje kwa urefu, kola ndani, ulilaze juu ya mkono ulioukunja. Kwenye mwendokasi saa mbili asubuhi ligeuze nje ndani kwanza, usugue wenzako na ule upande wa ndani, uso wake ubaki bila vumbi. Kulifunga kiunoni ni kwa watoto wa shule na wacheza mpira. Kulitupia mabegani bila kuingiza mikono kunawapendeza wanawake, hasa juu ya gauni lisilo na mikono, ila si mahali penye upepo.

Mwezi wa kwanza hadi wa tatu, wakati wa joto la kaskazi, litakaa mkononi zaidi kuliko mwilini, kwa hiyo wekea nguvu nguo ya ndani. Kipupwe kikiingia, Juni mpaka Agosti, usiku unashuka mpaka karibu nyuzi 19, hapo jaketi linatawala na tisheti inapata nafasi yake. Na tangu treni ya SGR ianze safari 2024, wengi tunapanda asubuhi Dar, tunashukia Dodoma. Ndani ya behewa kuna kiyoyozi, na Dodoma ya mwezi wa saba ina baridi kavu inayouma asubuhi. Safari hiyo sijaona nguo inayoifaa kuliko hii.

Weusi wake udumu

Jaketi langu la kwanza lilikufa mikononi mwa dobi. Nilimpa likiwa jeusi, likarudi na kifua chenye mabaka ya rangi ya kutu: alilifua kwenye maji yaleyale aliyong'arishia mashuka meupe. Jinzi nyeusi nyingi hutiwa rangi za jamii ya salfa, na rangi hizo klorini inazimaliza. Tangu siku hiyo nafua mwenyewe. Naligeuza nje ndani, maji ya baridi, sabuni ya maji, silikamui kwa kulisokota, nalianika kivulini kwenye hanga. Jua letu la saa sita linapausha weusi kuliko mafuo kumi. Kuna wanaoliloweka kwenye chumvi au siki ili rangi ikamate. Rangi ya kiwandani haikamatwi kwa chumvi, unapoteza chumvi yako tu.

Silifui kila wiki. Nikirudi nalo lina jasho nalitundika penye hewa usiku mzima, na chumvi ikianza kuchora mstari kwenye kola nafuta kwa kitambaa chenye maji. Wakati wa masika usilifungie kabatini likiwa na unyevunyevu, litashika harufu ya ukungu na harufu hiyo inakufuata mpaka kwenye kikao. Pasi napiga kola na vifuniko vya mifuko tu, kwa ndani, isiwe ya moto sana. Kola iliyolala vizuri peke yake inalifanya jaketi lionekane limetoka dukani.

Mdogo wangu alichukua lile la pili. Muuzaji alianzia bei ya juu, tukapatana, akatufungia kwenye mfuko huku akilichukua la kwanza na kuligeuza mkono wake nje ndani kujionea mwenyewe. Mikono ya jaketi letu ilikuwa mirefu, tukapitia kwa fundi wetu Sinza, mzee aliyenishonea tangu nasoma.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Hili la nani, la kwako?"

Alimvalisha, akamzungusha, akamwambia ainue mkono kama yuko kwenye gari. Akatia chaki inchi moja na nusu juu ya kiganja, akaeleza kwamba atafumua ule mkanda wa mwisho wenye kifungo, akate kitambaa juu yake, aurudishe palepale, ili kifungo na mshono wa kiwandani vibaki. Kisha akageukia cherehani. Pale juu palikuwa na kibunda cha uzi mnene wa rangi ya chungwa, ule wa jinzi, alikuwa anashonea suruali ya mtu. Akaanza kuupitisha kwenye sindano.

Mdogo wangu akasogea mbele kabla sijafungua mdomo. "Fundi, samahani. Hili naomba uzi mweusi."